Mhunze Hadi Nkome kwa Mikono Iliyokufa Ganzi

Tangu nirudi, kila anayeniletea suruali ya kupunguza ananiuliza habari za safari, na kila mmoja ninampa kipande kimoja kisha narudi kwenye cherehani. Matokeo yake kuna watu hapa sokoni wanaosema nilikutana na mzimu Buzwagi, na wengine wanasema nimewakana wazee wangu. Nimeona bora niandike mara moja, msome, mniache nishone.

Wengi mnajua kilichotangulia, lakini niseme kwa ajili ya asiyejua. Kaka yangu Masanja alikuwa akiishi Nkome, kule ziwani alikooa, na kazi yake ilikuwa kubeba dagaa kwa baiskeli kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, kwenda kuuza Geita. Miezi miwili kabla ya safari yangu alifunga gunia la dagaa kwenye keria akaanza safari ya kuja kutuona Mhunze. Njiani mikono yake ilikufa ganzi. Alinipigia simu alipofika Shinyanga, akasema, "Shija, mikono yangu haipo. Naiona, lakini haipo."

Akanieleza na sababu. Asubuhi aliyoondoka, mama mkwe wake alimshika mikono yote miwili. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe hawagusani, hata sahani ya chakula mmoja anaiweka chini ndipo mwingine aiokote. Kwa Masanja hilo lilitosha. Kesho yake baada ya simu ile, kwenye mteremko wa korongo kabla ya kuingia Mhunze, vidole vyake vilishindwa kubana breki, akaingia kwenye kalvati. Tulimzika nyumbani.

Baada ya msiba Baba Mkubwa alinipa kazi mbili. Ya kwanza, baiskeli irudi kwa mjane, iendeshwe na ndugu wa damu, isipakiwe kwenye gari kama mzigo, na nisiguse hata nati moja mpaka ifike. Ya pili, ukoo wa mjane ungekaa kikao Jumamosi, na walikuwa wakisubiri neno letu tu. Neno lenyewe lilikuwa fupi: yule mama mkwe aondoke kwenye mji ule asirudi. Nililibeba bila kusita. Nilimpenda kaka yangu na nilitaka awepo mtu wa kulipa.

Mhunze hadi Shinyanga

Niliondoka Jumatatu, jua likichomoza mgongoni. Masanja alikuwa mrefu. Mimi mnanijua, shati la mwanafunzi linanitosha. Kiti cha ile baiskeli kilikuwa kimeinama mbele, pua yake ikitazama tairi, na usukani ulikuwa umezama chini kabisa. Nilipopanda, mwili wote uliteleza mbele, mabega yakapanda mpaka masikioni na mikono ikanyooka bila kukunja kiwiko. Raba za kushikia zilikuwa zimelika pale alipozoea kuweka viganja vyake. Viganja vyangu viliingia kwenye mabonde yale vyenyewe.

Kwa kuwa nilielekea magharibi, kivuli kilinitangulia barabarani. Mabega juu, shingo mbele, viwiko vimekaza. Maisha yangu yote sijawahi kuendesha hivyo. Kile kilikuwa kivuli cha Masanja, na mimi nilikuwa nikimfuata. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha, nikakaza macho kwenye tairi.

Maganzo kuna mama anauza uji wa ulezi na maandazi kando ya barabara. Nilikuwa bado mbali nikamsikia akiita, "Masanja! Umeshamaliza kuwasalimia wazee? Mbona umekawia?"

Niliposimama mbele yake akaona uso wangu, akaziba mdomo kwa kanga.

"Uso si wake," alisema, kama anayemwambia mtu mwingine. "Lakini mgongo ni ule ule. Nimeuona toka kwenye nguzo ya umeme."

Nilimwamkia, nikamweleza kwamba Masanja ni marehemu na mimi ni mdogo wake. Akakaa juu ya ndoo yake. Alisema alipopita pale alikunywa uji kwa kukibana kikombe katikati ya vifundo vya mikono, kama mtu aliyefungwa kamba, na yeye ndiye aliyemmegea andazi akamlisha. Hakukubali kunihudumia mpaka nilipoiegemeza baiskeli kwenye nguzo na kusimama mbali nayo. Uji wake una sukari nyingi mno, lakini niliunywa wote kwa heshima.

Shinyanga mjini nilifika alasiri kwenye nyumba ya wageni aliyolala Masanja. Mhudumu, baba mmoja mpole wa makamo, alitoka mlangoni kabla sijashuka, akanifuata mikono yote miwili mbele, akaanza kunifungua vifungo vya shati.

"Pole, kijana. Vidole bado tu havijapona?"

Niliruka nyuma. Yule baba alinitazama vizuri, akaomba radhi mara tatu. Usiku aliolala Masanja pale yeye ndiye aliyemvua shati, na asubuhi akamvalisha. Nilimwambia mikono yangu mimi ni mizima. Ulikuwa uongo kidogo. Tangu Maganzo kidole changu cha mwisho, kulia na kushoto, kilikuwa kinachomachoma kama nimekilalia.

Shinyanga hadi Isaka

Jumanne vidole viwili kila mkono viliacha kuchoma. Viliacha kila kitu. Nilivitazama vikiwa vimekaa juu ya usukani, kama wakazi wasionijua.

Tinde nilisimama kula michembe ya viazi na karanga chini ya paa la bati, pamoja na wachunga ng'ombe waliokuwa wakisubiri mnada. Mzee mmoja alinisalimu, "Mwadila," nikamwitikia. Kipande cha kiazi kilinidondoka vidoleni, nikakiokota, kikadondoka tena. Mzee aliacha kutafuna.

"Wewe ni wa pili na baiskeli hiyo," alisema. "Yule wa kwanza alikula hapo hapo ulipokaa. Yeye alikuwa bado na vidole vitatu kila mkono. Alitamba navyo, akatuonyesha anavyoweza kushika kijiko."

Hapo ndipo nilipolielewa jambo lililokuwa likinitia baridi tangu asubuhi. Mimi nilikuwa naifuata njia yake kinyume. Kadiri nilivyosonga mbele, Masanja wa kwenye midomo ya watu alizidi kupona, na mimi nilizidi kuharibika. Maganzo hakuwa na mikono kabisa, Tinde alikuwa na vidole vitatu, na huko mbele angekuwa mzima. Ni kana kwamba alikuwa ananikabidhi ugonjwa wake kidogo kidogo katika kila kituo, kwa upole, kama kaka.

Mimi ni fundi cherehani. Ninatunga uzi kwenye sindano kwa kuupapasa, siutazami. Niliogopa, nasema wazi, na woga wangu ulikuwa na jina: mama mkwe. Nilipiga hesabu kama wazee wa ukoo wetu. Yeye alimgusa Masanja, Masanja aliigusa baiskeli, na mimi nimeigusa baiskeli. Nikaingia dukani nikanunua soksi nene nikazivaa mikononi. Watoto wa Tinde walinisindikiza kwa vicheko mpaka mwisho wa nyumba.

Soksi zilikuwa zinateleza, ikabidi nishike usukani kwa nguvu mara mbili. Kufikia Isaka, mahali malori ya mizigo yanapolala, kidole cha kati nacho kilikuwa kimekwenda. Mama ntilie aliniletea wali na samaki, akaniangalia ninavyohangaika, akaondoka na sahani, akairudisha samaki akiwa ameondolewa miiba yote. Nadhani alikuwa ameshamfanyia hivyo mtu mwingine.

Isaka hadi Kahama

Jumatano kabla ya adhuhuri nilipita karibu na mgodi wa Buzwagi. Zamani, wanasema, ardhi pale ilikuwa inanguruma mchana kutwa. Siku ile palikuwa kimya. Vilima vya mawe yaliyotolewa chini vimesimama pembeni, bapa juu, havina mti wala ndege, na upepo ukipita juu yake hauna sauti. Nilikuwa peke yangu barabarani. Jua lilikuwa utosini, kivuli changu kimejikunja chini ya baiskeli, nikashukuru angalau kwa hilo.

Kisha barabara ikateremka kidogo, na mbele yangu wanawake wanne wenye ndoo za maji kichwani wakaanza kuvuka.

Niliiambia mikono ibane breki. Niliiangalia. Ilikuwa imelala juu ya vyuma vya breki kama mikono ya mtu anayesinzia, na haikufanya kitu. Nikaiambia tena, safari hii kwa sauti. Wanawake waligeuka kwa kelele zangu. Niliusukuma usukani kwa kiwiko, nikaingia kwenye majani, nikaanguka ubavu, na baiskeli ikaniangukia.

Nilipofumbua macho walikuwa wamenizunguka, ndoo bado vichwani. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani, aliitazama baiskeli kwa hasira.

"Si huyu aliyemgonga mbuzi wangu?"

"Siye," mwenzake alisema. "Yule alikuwa mrefu."

"Alikuja kasi vilevile, anapiga kelele vilevile, na ni hapahapa. Akadai vidole vyake viwili havimsikii. Mbuzi alikuwa na mimba!"

Walibishana juu ya kichwa changu kama mimi ni yule au siye, na mimi mwenyewe, nikiwa nimelala majani usoni, sikuwa na hakika ya kutosha ya kuwasaidia. Hatimaye mwenye mbuzi alinimwagia maji usoni, ya kutosha, ya huruma na ya kisasi pamoja. Nilitembea kwa miguu mpaka Kahama, nikiikokota baiskeli kwa vifundo vya mikono.

Kahama

Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kwa kuanguka, hivyo ilinibidi nimtafute fundi. Walinielekeza kwa mwanamke anayeitwa Mama Minza, aliyewahi kushindana mbio za baiskeli alipokuwa msichana na sasa anatengeneza baiskeli nyuma ya soko. Ana mapaja ya mkimbiaji na sauti ya mtu asiyependa kurudia. Alipoiona baiskeli aliweka spana chini.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamweleza. Akajifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, akajifuta tena.

"Alisimama hapo hapo," alisema. "Nilimwambia aniachie robo saa nikiweke kiti sawa. Akaniambia, 'Mama, ugonjwa wangu si wa spana.' Nilikuwa na wateja, nikamwacha aende. Ningeificha hata pampu, ningemfungia hapa."

Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Kisha akaniambia nifumbe macho. Alinigusa vidole kimoja kimoja akiniuliza ni kipi. Nilikisia gumba sawasawa, vingine vyote nikakosea. Akaegemeza baiskeli ukutani, akaniambia nipande, nishike usukani kama kawaida. Nikapanda.

"Sasa achia mikono."

Niliachia, na papo hapo nikaserereka mbele, kifua kikagonga usukani.

"Umeona, baba? Wewe hukai kwenye kiti. Umekaa kwenye mikono. Kutoka huko kwenu mpaka hapa, uzito wako wote umeubeba kwa hapa," akanibonyeza nyama ya kiganja, chini ya kidole cha mwisho. "Hapa kuna mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole. Ukiukalia siku moja unalalamika, ukiukalia siku tatu unanyamaza. Kiti kinatazama chini, usukani umezama, kifundo kimepinda, kiwiko kimekaza. Hata mimi mikono ingekufa, na mimi sina mama mkwe."

Sikuwa nimemtajia mama mkwe. Ni Masanja aliyemtajia.

Nilimwambia siwezi, nimekatazwa kugusa hata nati.

"Na huyo aliyekukataza atakuja kukubania breki?"

Basi nikamweleza na lile lingine, neno nililolibeba la kikao cha Jumamosi. Aliniangalia kwa namna ambayo sijaipenda mpaka leo.

"Kumbe kuna mtu anafukuzwa kwa ajili ya kiti," alisema. "Sikiliza. Nitachora alama kwa msumari pale kiti kilipokuwa. Endesha siku moja hivi nitakavyokuweka. Mikono isipoamka, rudisha kwenye alama, nenda kaseme hilo neno lako. Ikiamka, utajua mwenyewe la kusema."

Nilikubali. Sikukubali kwa wema. Nilikubali kwa sababu nilitaka vidole vyangu.

Alininyooshea kiti kikalala sawa na ardhi, akakirudisha nyuma kidogo na kukishusha mpaka nyayo zangu zikatulia kwenye pedali. Akainua usukani karibu na usawa wa kiti. Raba zilizolika akazizungushia mpira wa ndani wa tairi, tabaka tatu. Kisha akanifundisha kukaa, mimi mtu mzima mwenye watoto wanne. Shikilia mwili kwa tumbo na mgongo, usiutupe mbele. Kiwiko kilegee. Kifundo kiwe mstari mmoja na mkono, kisivunjike. Usikabe usukani, ushike kama unavyoshika kitambaa cha hariri kwenye cherehani. Badilisha mshiko kila mara, na ukichoka shuka ukung'ute mikono. Soksi alizitupa jalalani.

Kahama hadi Kakola

Alhamisi nilitoka asubuhi kwenye vumbi jekundu, nikijisemea kiwiko, kifundo, tumbo, kiwiko, kifundo, tumbo. Kwa saa mbili hapakuwa na badiliko. Mikono ilikuwa mbele yangu, miepesi, ya mtu mwingine.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuna aliyeniita. Nilipita vibanda vya chai, nikapita watu waliokaa juu ya magunia, nikapita mafundi pikipiki. Walinitazama kama wanavyomtazama mpita njia yeyote. Kivuli kilichokuwa mbele yangu kilikuwa kifupi, mabega chini, viwiko nje kidogo. Kilikuwa cha Shija wa Mhunze. Nilisimama kando ya barabara nikalia kama mtoto, kwa sababu nilihisi nimemshusha kaka yangu mahali fulani porini na kumwacha.

Saa sita mchana maumivu yalianza. Yalianzia kwenye kiganja yakaingia vidoleni kama maji ya moto, nikapiga mayowe, nikashuka, nikakung'uta mikono nikirukaruka. Sijawahi kuyapokea maumivu kwa furaha namna ile.

Kakola ni mji wa wachimbaji: mashine za kusaga mawe zinalia kila upande na watu wana vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Niliagiza ugali na maharage kwa mama mmoja wa kibandani. Alileta sahani mbili.

"Nimeagiza moja, mama."

"Na mwenzako?"

"Niko peke yangu."

Alichungulia barabarani nyuma yangu. "Nimewaona toka kule juu mkishuka wawili. Mrefu alikuwa nyuma yako."

Wachimbaji waliokuwa wakila hawakuinua hata vichwa; watu wanaoshuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kila siku hawashtushwi na hesabu ya namna hiyo. Nilikula sahani yangu. Ya pili ilibaki mezani mpaka ikapoa, na mama yule hakuitoa. Mpaka leo sina maelezo ya jambo hilo, na mkiniuliza sitajibu. Ninachojua ni kwamba tonge halikunidondoka hata mara moja.

Kakola hadi Nkome

Ijumaa nililala Geita. Njia nzima niliwauliza watu waliomwona Masanja akipita, na wote walimkumbuka kwa jambo moja: alikuwa akikung'uta kidole cha mwisho na kucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza. Alikuwa bado anacheka.

Jumamosi nilizipanda na kuzishuka zile njia za vilima nikibana breki kila mteremko kwa vidole vyote, hata mahali pasipohitaji. Nilipofika Nkome, harufu ya dagaa ilinipokea kabla ya watu. Shemeji yangu, mjane wa Masanja, aliipokea baiskeli kwa kuweka paji la uso juu ya usukani. Kisha akainuka akauliza kwa sauti ndogo, "Nani amekinyoosha kiti?"

Mama yake nilimwona kwa mbali. Walikuwa wamemhamishia kwenye banda la nyavu. Hakuna aliyempa kitu mkononi wala kupokea kitu kutoka kwake kwa miezi miwili, na watoto wa mji ule walipita wakikimbia. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umbo, amejifunga kaniki, na mikono yake ameificha ndani ya nguo.

Nkome

Kikao kilianza alasiri. Msimamizi alikuwa Maduhu, mtoto wa mke mwingine wa baba yake shemeji, mtu mkubwa mwenye sauti, ambaye naye hubeba dagaa kwa baiskeli. Aliniambia, "Tunasubiri neno la Mhunze."

Nikasema neno la Mhunze nimelibeba, lakini silitoi bado. Nikawaeleza habari za kiti, nikawaonyesha alama ya msumari. Walicheka. Maduhu alisema kiti kinaumiza matako, hakiui mikono.

Hapo shemeji alizungumza, naye hakuwa amezungumza mbele ya wazee tangu msiba. Alisema asubuhi ile Masanja alipofunga gunia, baiskeli ilizidiwa ikaanguka, ikatua juu ya jiwe kwa kiti na usukani. Masanja alikuwa anaanguka nayo. Mama yake alikuwa karibu, akasahau ukwe, akamdaka mikono.

"Kiti kiliinama hapo," alisema. "Ni dakika hiyohiyo. Mliona mikono tu, hamkuona kiti."

Nikamwambia Maduhu, "Kesho nitakirudisha kwenye alama. Funga gunia, nenda Nzera urudi."

Jumapili alikwenda. Alirudi mchana, mwili wake mzito umelalia mikono njia nzima, akashuka, akataka kujifuta jasho, leso ikamponyoka. Akaiokota ikamponyoka tena. Nilifikiri mambo yamekwisha, nikafurahi, na hapo ndipo nilipokuwa mjinga. Maduhu aliigeuza mikono mbele ya macho yake, uso ukawa wa majivu, kisha akageuka akatazama banda la nyavu.

"Amenipata na mimi," alisema.

Vijana watatu waliinuka. Mmoja alikuwa tayari ameshika mpini wa jembe. Nilikimbia nikasimama mlangoni mwa banda, nikapayuka kwamba mimi ndiye ndugu wa marehemu, damu iliyomwagika ni yetu, na asiyenisikia leo atajibu kwa ukoo mzima wa Mhunze. Sina uhakika ukoo wa Mhunze ungenitambua. Lakini walisimama. Niliomba siku moja tu: kesho Maduhu aendeshe tena, gunia lilelile, njia ileile, na yule mama akae hapohapo, karibu kuliko leo kama wanataka.

Jioni ile nilimwekea Maduhu kiti na usukani kwa urefu wake. Nilimfundisha kiwiko, kifundo, tumbo, naye ananitukana. Jumatatu akaondoka. Yule mama alitolewa nje akakaa juu ya kipande cha mkeka katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, jua limempiga, mpaka baiskeli iliporudi.

Maduhu alishuka. Alifungua vifungo vya shati lake kimoja kimoja mpaka chini, kisha akavifunga tena vyote, polepole, akiangalia vidole. Halafu akaingia bandani, akatoka na godoro la mama yule, lile alilolihamisha yeye mwenyewe miezi miwili iliyopita, akalirudisha chumbani kwa mama yule ndani ya nyumba. Wazee walisema kikao kimekwisha.

Jumanne, nikisubiri gari la kurudi, nilipita mwaloni kumuaga yule mama. Alikuwa anageuza dagaa juu ya nyavu. Nilisimama mbali, kama inavyotakiwa, nikamwamkia. Aliitikia bila kugeuka. Aligeuza safu nzima ya dagaa, akaanza ya pili, ndipo akauliza.

"Mkwe wangu, nikuulize. Kama ungekuja kwa gari, na mikono yako mizima, ungesema nini Jumamosi ile?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa amenipa mgongo, asingeniona uso.

"Ningesema uondoke, mama."

"Ee," alisema. "Nilijua."

Akainama, akaendelea na dagaa wake.